Saba ya Kopa Mkononi mwa Breki Mbili

Sekunde kumi na nane. Hapo ndipo tulipomwacha Pasi Moto juma lililopita, kidole gumba kikining'inia juu ya kioo cha simu, chai ikipoa, na maneno yale yakimkodolea macho kutoka upande wa pili wa meza:

"Twende kazi, gari halijai lenyewe."

Mliokosa gazeti la juma lile msihangaike kuazima. Pasi Moto ni mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, mama wa mtoto mmoja, mwanamke aliyechoka hadi miayo anaiona kazi. Jina hilo alibatizwa na marehemu mama yake siku alipounguza shati la kazi la baba, akiwa na miaka tisa, na alipotakiwa kuandika jina kwenye mchezo wa karata wa simu, halikumjia lingine. Breki Mbili ni mtu asiyemjua anayecheza naye kila saa nne asubuhi, wakati wa chai, na ndiye aliyeyaandika maneno yale.

Yaani alikuwa hamjui. Duniani kuna mtu mmoja tu asemaye maneno yale, naye huyasema akiwa ameegemea usukani wa basi la shule, akiwahimiza watoto wapande.

Ni baba yake. Baba ambaye hajamsemesha kwa miaka miwili na miezi minne.

Sekunde kumi na moja.

"Tupa karata wewe!" Shangazi Mvuke alimgutusha. Huyu si shangazi wa mtu pale. Ndiye mkubwa wa mashine ya mvuke, na ndiye aliyemwekea mchezo kwenye simu ili asisinzie juu ya kikombe.

"Shangazi, huyu ni baba."

"Baba wa nani?"

"Wangu."

Sekunde nne. Pasi Moto akatupa karata iliyokuwa karibu na kidole, bibi wa shupaza, ambaye alikuwa anamhitaji mwenyewe. Breki Mbili akamwokota papo hapo. Zamu mbili mbele akatangaza ameshinda, na Pasi Moto akafungwa pointi sitini na mbili.

"Pole dada," Breki Mbili akaandika. "Usitupe ukiwa na hofu."

Miaka miwili na miezi minne, na neno la kwanza tangu amtambue ni pole. Pasi Moto alilia. Alilia bila sauti, kama walivyo watu waliozoea kulia huku mikono ikiendelea na kazi.

"Sasa nampigia," alisema.

"Humpigii." Shangazi Mvuke akamnyang'anya simu. "Alikwambia nini mazishini?"

"Aliniambia, 'Ulisaini wewe.'"

Ndiyo kisa chenyewe. Mama alizidiwa siku baba alipokuwa amewapeleka wanafunzi safari ya mbali. Daktari alitaka saini ya ndugu ili wampasue, hapo hapo, bila kusubiri. Pasi Moto akasaini. Mama hakutoka mle chumbani akiwa hai, na baba akafunga mdomo.

Ajabu ni kwamba kila asubuhi basi lake humchukua mjukuu wake. Pasi Moto humfikisha binti yake kwenye kona, humsukuma mgongoni, kisha hugeuka kabla mlango haujafunguka. Babu humpa mjukuu peremende, mama hurudi na njia yake.

"Ukimpigia atakata," alisema Shangazi Mvuke. "Cheza naye. Angalau mnakaa meza moja."

"Mimi hata kucheza sijui. Nabahatisha tu."

"Basi ujue."

Darasa likaanza siku hiyo hiyo, juu ya meza ya kukunjia. Shangazi Mvuke alichomoa kikapuni shuka, foronya na kifuniko cha kitanda, vyote vimeshonwa uzi wa buluu pembeni. Kila wodi ina rangi yake ya uzi, ndivyo wanavyotenganisha.

"Una karata kumi na tatu. Kila zamu unaokota moja, unatupa moja. Kazi yako ni kupanga mafungu. Hivi vitatu ni vya wodi moja, tena vinafuatana kitandani. Kwenye karata ni tano, sita, saba, zote za uru. Huo ndio mfululizo safi. Usipokuwa nao hata mmoja, huna kitu, hata ushike wafalme wanne."

"Na jokari?"

"Jokari ni foronya ya wodi nyingine. Ukikosa yako unaiweka, kitanda kinatandikika. Ila si kwenye fungu la kwanza. La kwanza liwe safi, ndipo mengine uyaunge na jokari."

"Na nikitangaza kabla sijakamilisha?"

"Tangazo batili. Unapigwa pointi themanini, na kila mtu mezani anaziona karata zako zilivyo. Pointi si pesa, lakini aibu yake utakwenda nayo nyumbani."

Aliendelea huku mashine ikifoka nyuma yake. Wafalme, mabibi na maghulamu watupwe mapema, maana ukikutwa nao kila mmoja ni pointi kumi. Sita na saba zishikwe, maana zinaungana na za chini na za juu. Karata zikiwa mbovu tangu kugawiwa, jitoe mwanzoni, unapoteza ishirini tu.

"Ningejua kuna mahali mtu anajitoa kwa ishirini," alisema Pasi Moto, "ningekuwa nimeshajitoa kwenye mengi."

"Na hili ndilo kubwa," alisema Shangazi Mvuke. "Anachoshika mwenzako hukioni. Anachookota na anachotupa unakiona. Tazama hivyo viwili, utamjua kuliko anavyojijua."

Basi akatazama. Juma zima alitazama. Akajua kwamba baba hapendi kujitoa, hata mkono uwe mbovu vipi. Akajua kwamba hutupa wafalme haraka, kama mtu anayewafukuza nyumbani kwake.

Akajua pia kwamba baba yake ni mwalimu mzuri kwa mtu baki.

"Dada, usiokote ovyo kwenye karata za wazi, nakuona unachokusanya," aliandika siku moja. Siku nyingine: "Umechelewa kutupa, lakini umetupa vizuri." Na Alhamisi, mchezo ukiwa umepoa: "Binti yangu naye alikuwa hivi, ana haraka."

Pasi Moto alisogeza kikombe kando. "Yuko wapi?" akaandika.

"Yupo. Hanipigii."

"Si alinikataza mwenyewe!" Pasi Moto alimwonyesha Shangazi Mvuke simu. "Shangazi, si alinikataza mwenyewe?"

"Inaelekea hukumkaidi vya kutosha. Tupa karata."

Jioni hiyo, wakati wa kuvua viatu, binti yake alimwambia, "Mama, babu siku hizi anapitiliza kituo. Tunapiga kelele ndipo anasimama."

"Mh," alisema Pasi Moto, akaendelea kupambana na fundo la kamba. Wasomaji wangu, msimlaumu. Alikuwa amesimama tangu alfajiri na mashuka mia mbili yalikuwa yamepita mkononi mwake.

Jumatatu yake Breki Mbili akaokota nne ya kopa aliyoitupa Pasi Moto, na hapo hapo akatangaza. Simu ikafunua karata zake. Mbili ya uru, tatu ya uru, nne ya kopa.

Tangazo batili. Themanini.

Pasi Moto alicheka hadi akashika mbavu. "Kumbe naye ana haraka! Haraka nimeirithi!"

"Kuteleza tu," aliandika Breki Mbili.

Jumatano ikawa hivyo tena. Safari hii ni kumi ya kopa, imechomekwa kati ya tisa na ghulamu wa uru, na mwenyewe akatangaza kwa kujiamini kabisa. Themanini nyingine.

Shangazi Mvuke hakucheka. "Huyu mzee kaanza lini karata?"

"Kabla sijazaliwa. Mama alikuwa akimfungia nje kwa ajili ya karata."

"Na anachanganya kopa na uru, kwa kuwa zote ni nyekundu?"

Shangazi Mvuke alikwenda kwenye kisanduku cha cherehani, akarudi na vipande viwili vya uzi, akavilaza juu ya shuka jeupe. Kimoja chekundu, kingine cha waridi iliyokolea.

"Siku yako ya kwanza hapa nilikupa nini?"

"Hizo. Ukaniuliza upi ni wa wodi ya wazazi na upi wa watoto. Nilidhani unanitania."

"Sitanii na nyuzi. Mpiga pasi akianza kuzichanganya hizi mbili, akili yake ni nzima. Macho ndiyo yanayomuaga. Nimewaondoa wanne kwenye pasi kwa nyuzi hizi, na wote walinitukana, na wote walikuwa wameshaanza kuungua vidole."

Babu siku hizi anapitiliza kituo. Tunapiga kelele ndipo anasimama.

Pasi Moto akaketi juu ya kikapu cha nguo chafu. Watoto thelathini na mmoja hupanda lile basi. Mmoja ni wake.

"Nipige simu shuleni?" aliuliza.

"Ukipiga, kazi imekwisha leo hii. Na atasema wewe ndiye uliyemsainia tena."

"Nisipopiga?"

Shangazi Mvuke alivuta kikapu karibu. Alikunja foronya moja, akaikunjua, akaikunja upya.

"Labda anateleza kweli," alisema Pasi Moto. "Nataka hakika. Nipe mchezo mmoja."

Alhamisi Breki Mbili hakuonekana mezani. Pasi Moto hakumpandisha mtoto basini siku hiyo. Alimpeleka shule kwa miguu, akachelewa kazini, akakaripiwa, akanyamaza. Ijumaa alimpeleka kwa miguu tena. Watoto thelathini waliobaki walipita na basi lile, wakimpungia mkono mwenzao dirishani, na Pasi Moto akaona aibu ya kuokoa wake peke yake.

Saa nne, Breki Mbili alikuwa mezani.

Mchezo ulianza kimya. Pasi Moto alimtazama anachookota. Akaokota tano ya uru. Zamu mbili baadaye akaokota sita ya uru. Kwa hiyo anajenga uru, na anaitaka nne au saba.

Pasi Moto alikuwa na saba ya kopa. Aliihitaji, ingekamilisha mfululizo wake safi na kumpa ushindi wa kwanza dhidi ya baba yake. Akaiangalia, kisha akaitupa mezani. Usiiokote baba, alisema moyoni. Iache hapo. Niambie naota.

Sekunde ishirini. Kumi na tano. Kumi.

Breki Mbili akaiokota, akatangaza.

"Tangazo batili," simu ikasema kwa sauti yake ya furaha isiyo na maana. Karata zikafunuka: tano ya uru, sita ya uru, saba ya kopa.

"Basi," alisema Shangazi Mvuke.

Pasi Moto akaandika: "Mzee, macho yako vipi?"

Nukta tatu zilicheza kwenye kioo, zikapotea, zikarudi. "Nani anauliza?"

Alikuwa amechoka, jamani. Alikuwa amechoka kujificha, amechoka kugeuka kwenye kona kabla mlango haujafunguka. Akaandika neno moja.

"Mwanao."

Nukta tatu zikarudi. Kisha maandishi ya kijivu: Breki Mbili ameondoka mezani.

"Shangazi, leo ni Ijumaa," alisema Pasi Moto. "Ijumaa wadogo wanatoka saa tano."

"Nenda. Mashuka yako nitayapiga mimi."

Alikimbia na aproni yake na ndara za kazini, watu wakimpisha njia wakidhani kuna mgonjwa anayemfuata. Ndara moja ilikatika kamba karibu na duka la vioo. Akaivua, akaivua na nyingine, akaendelea peku. Lango la shule lilikuwa wazi, na pembeni ya ukuta basi la manjano liliegeshwa, mlango wazi, injini ikinguruma.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, simu ameishika karibu igusane na pua.

Pasi Moto alipanda ngazi tatu za basi na kusimama, pumzi zikimpaa. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimtoka.

"Zima gari, baba."

Mzee hakugeuka. "Umekuja peku?"

"Umeonaje?"

"Sikuona. Nimesikia." Akazima injini, lakini funguo akazishika kiganjani. "Nilikujua siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza ipi?"

"Pasi Moto. Nani mwingine anaitwa hivyo? Anayeketi saa nne kunywa chai na kulala akiwa macho? Shati lile ninalo hadi leo, na lile tundu lake."

Pasi Moto akashika nguzo ya basi. "Ulijua. Ukaniita dada."

"Ungependa nikuiteje? Nilikuwa nimejifungia mlango mwenyewe. Nikapata kidirisha." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Kule kukosea sikukusudia. Aibu ile ni ya kweli. Nilikuwa naona wekundu tu. Lakini nilipokosea mara ya kwanza nikasema moyoni, ataona huyu. Mimi mdomo ulikataa kusema, basi aone mwenyewe."

"Na watoto, baba? Watoto thelathini na mmoja!"

"Naendesha polepole."

"Unapitiliza vituo!"

Mzee alizigeuza funguo kiganjani. Kidevu kilianza kumtetemeka, naye alikishika kwa mkono kana kwamba ni kitu kilicholegea ndani ya gari.

"Nikikupa hizi funguo," alisema, "mimi nabaki nani? Miaka thelathini. Mama yako hayupo. Nyumbani kuna redio. Nikikupa hizi, wewe utanipa nini?"

"Unataka nini?"

Akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane, imelainika kama kitambaa kwa kubebwa. "Kliniki ya macho. Miezi miwili nimetembea nayo. Wanataka saini ya ndugu, na mimi ndugu ninaye mmoja. Saini, nikupe funguo."

Sasa ndipo Pasi Moto alipoogopa kikweli. Alikuwa amekimbia hadi hapo peku bila woga, lakini karatasi ile ilimrudisha kwenye korido ya miaka miwili na miezi minne iliyopita, na kalamu iliyofungwa kwa kamba mezani.

"Mkono huu ndio uliosaini ya mama."

"Najua."

"Nikisaini na hii, na yakatokea..."

"Nisikilize." Mzee aligeuka kwa mara ya kwanza, akaangalia mahali sauti ilipokuwa, sentimita chache kando ya uso wa mwanawe. "Sikukukasirikia kwa kusaini. Nilikukasirikia kwa sababu mimi nisingethubutu. Wangenisubiri, mama yako angefia koridoni, na mimi nimeshika kalamu. Hilo ndilo nililoshindwa kulisema siku zote hizi."

Kengele ya saa tano ikalia. Milango ya madarasa ikafunguka, kelele zikamwagika uani.

Pasi Moto alichukua kalamu kutoka dashibodi. Akaweka karatasi juu ya goti lake, akatafuta mstari wa ndugu, akasaini. Saini ilipinda, lakini ilikuwa yake. Funguo zikaangukia kiganjani mwake zikiwa na joto.

"Mwalimu wa michezo ana leseni ya basi," alisema mzee, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua gunia. "Mpe. Mwambie tumbo linanisumbua."

"Nitamwambia macho."

"Haya. Macho." Akatikisa kichwa. "Sasa nisomee hiyo karatasi. Daktari alisema kila kitu kimo humo, siku na saa. Maandishi yenyewe madogo kama mayai ya chawa, na ningemwomba nani anisomee? Mlinzi?"

Pasi Moto hakuwa ameisoma. Alikuwa ameona mstari wa saini tu, kama ilivyo desturi ya mkono wake. Akaikunjua sasa, akaanza juu. Jina la mgonjwa. Jicho la kulia. Jicho la kushoto. Mgonjwa afike kwa upasuaji siku iliyotajwa hapa chini. Akichelewa, uwezo wa kuona huenda usirudi.

Akasoma tarehe. Akaisoma tena, akihesabu kwa vidole vya mguu juu ya sakafu ya basi.

Ilikuwa imepita siku tisa.

"Wameandika lini?" aliuliza mzee.

Uani, binti yake alikuwa amewatangulia wenzake wote, mkoba ukirukaruka mgongoni. "Babu! Leo mama yupo basini!"

"Wameandika lini, Pasi?"

Muda wa kutupa karata ulikuwa umekwisha. Pasi Moto alikunja karatasi mara nane, kwa mikunjo ile ile, akaitia kifuani mwa aproni.

"Leo, baba," alisema. "Wameandika leo."

Mzee akainuka, akaipapasa kola ya shati hadi ikakaa sawa. "Basi twende kazi," alisema, akaweka mkono begani mwa mwanawe, akaanza kuitafuta ngazi ya kwanza kwa ncha ya kiatu.